Tundu la Kibwana

Dunia yetu ilianza na sarafu. Wapo wanaosema ya kwao ilianza na neno, wapo wanaosema na maji, nami siwapingi, kila mtu na dunia yake. Ya kwetu ilianza na kipande cha chuma kilichoanguka mahali tusipopaona, kikagonga, kikabiringika, kikatulia, kisha pakawa na mwanga. Katika mwanga ule palikuwa na ardhi, na ardhi yetu ni mstari mmoja tu wa kijani, mwembamba, ulionyooka kutoka ukingo wa kushoto mpaka ukingo wa kulia. Juu ya mstari zimesimama kuta nne. Juu ya kuta ni giza la mbingu, na katika giza hilo, wamejipanga safu juu ya safu kama vitumbua kwenye chuma chake, Wageni.

Nayasema haya mapema ili anayenisoma asihangaike kunitafuta. Naishi ndani ya mashine ya mchezo, ile ya kusimama, yenye kioo mbele, mpini wa kusukuma huku na huku, na kitufe kimoja cha kufyatulia risasi. Nyinyi mko upande wa pili wa kioo. Huko kwenu, nadhani, kuna joto na baridi, kuna watu wanaosubiri zamu yao wakijifanya hawasubiri. Huku kwetu kazi ni moja. Wageni wanashuka, na mmoja wetu anakaa kwenye chombo, chini kabisa, anawapiga wasije wakagusa mstari. Wakiugusa, hata kwa ncha ya kidole, dunia inazimika na sote tunazimika nayo. Jina langu Mwatima. Mimi ndiye niliyemo kwenye chombo sasa, na nyuma yangu hakuna mtu.

Hilo la mwisho nalisema bila huzuni, ingawa zamani, kama neno zamani lina maana huku, nisingeweza kulisema hivyo. Sura hii ni ya shukrani. Anayetaka vita atavikuta humu, lakini vimekaa pembeni, kwa adabu, kama mkwe aliyekuja wakati wa kula.

Chombo changu hakipandi. Watu wengi wa dunia nyingine wanapofikiria mbingu hufikiria kupanda, na aliyeko juu huhesabiwa ameshinda. Mimi nina kushoto na nina kulia, basi. Mbele sina, nyuma sina, juu napeleka risasi lakini mwenyewe siendi. Na risasi yenyewe ni moja. Nikiisha kuifyatua siwezi kufyatua nyingine mpaka ile ya kwanza imguse mtu au ipotelee juu kwenye paa la dunia. Nikikosa, nakaa mikono mitupu nikiitazama inavyokwenda zake, polepole, haina habari nami, huku Wageni wananimwagia zao. Mwanzoni nililiona jambo hili ni umaskini, tena umaskini wa makusudi. Nikajiuliza ni mfua vyombo gani huyu aliyetupa adui wa safu tano na risasi ya mtu mmoja. Sasa nashukuru. Mwenye risasi nyingi hatazami anakopiga. Mimi nimelazimika kumtazama kila Mgeni kabla ya kumpiga, namjua mwenye pembe na mwenye miguu ya kaa, namjua yule wa safu ya pili anayeinua mikono kila anapopiga hatua kana kwamba anaomba mvua. Nisingekuwa na risasi moja nisingewajua.

Nakwenda kulia.

Nani amekwenda kulia? Mimi. Nani amesema kulia? Sikusema mimi, wala sikusikia mtu akisema. Nilitaka kwenda kulia na nikawa tayari nimeshakwenda. Upande wa pili wa kioo upo Mkono. Sijawahi kuuona wote. Niliwahi kuona kivuli chake kikipita juu ya kioo kufuta jasho. Mkono ukitetemeka, natetemeka. Mkono ukisita, nasita, na ninapokuwa nasita huwa nina sababu zangu nzuri kabisa za kusita, nimezifikiri mwenyewe, zimepangika. Basi sababu zangu zatoka wapi? Nilimwuliza hivyo Bi Sikudhani siku moja nilipojificha kwa mwendo wa pumzi chache chini ya ukuta wake. Akaniambia kwamba yeye hajui habari za mikono, anachojua ni kuwa unga ukiwa mwepesi vitumbua havishikani, na kwamba mtu akishasukumwa aende kwa kupenda, asije akasukumwa akiwa amenuna.

Huyu Bi Sikudhani ndiye mwenye ukuta wa tatu. Nasema ukuta, lakini kwake ni nyumba. Anakaa nyuma yake na jiko lake na chuma chake, anakaanga, moshi unapanda, na harufu inafika mpaka ndani ya chombo. Ni mama mnene, mwepesi wa ulimi, mwenye kanga ya kichwani inayodondoka kila anapocheka na anayoirudisha kila inapodondoka. Kuta nyingine tatu nazo zilikuwa na wenyewe. Wakati wa habari hii kuta hizo zilikuwa zimekwisha, zimeliwa na risasi za Wageni kutoka juu na za kwetu kutoka chini, maana risasi haina macho. Wenyewe walikuwa wameshakwenda pale wanapokwenda wasio na ukuta. Ulibaki wa Bi Sikudhani peke yake, na katikati yake palikuwa na tundu.

Tundu lile lilikuwa la Kibwana, na sasa lazima nimseme Kibwana.

Kibwana alikuwa kwenye chombo kabla yangu. Kwa desturi za watu wa mstari, ukuta ni wa kujificha, haupigwi na mwenyeji. Kuupiga ukuta wa jirani kutoka chini ni utovu wa adabu, ni sawa na kuingia nyumba ya watu na viatu. Kibwana alisimama chini ya ukuta wa Bi Sikudhani, akapiga hodi, akaomba radhi, kisha akatoboa. Risasi moja, akasubiri, nyingine, akasubiri, pale pale, mpaka likatokea tundu jembamba la kupitisha risasi yake tu. Akawa anakaa chini ya tundu amekingwa huku na huku, anapiga Wageni kupitia mle. Watu walimnong'ona sana. Bi Sikudhani alimfokea, akasema paa lake linavuja risasi, akasema tangu azaliwe hajaona kijana wa namna hii. Kisha akampa vitumbua viwili vya moto. Hayo niliyajua kwa kuwa niliyaona, nikiwa nimekaa kwenye ubao.

Ubao uko chini ya mstari, pembeni kushoto. Hapo ndipo wanapokaa wanaosubiri kuingia kwenye chombo. Aliye mbele akipigwa, anayefuata anainuka. Nilikaa nyuma ya Kibwana. Nakumbuka shingo yake kwa nyuma, ina kovu dogo chini ya sikio. Nakumbuka alivyokuwa akipiga mluzi kwa meno, na mimi nikikereka. Nakumbuka hata wa mbele yake, Makame, bwana mkubwa mwenye kikohozi, aliyekuwa kwenye chombo wakati huo. Ninakumbuka na nyuma zaidi, utoto wangu, mkono wa mtu ukinisuka nywele, ingawa sijui hayo yangewezekana wapi katika dunia yenye mstari mmoja. Na nakumbuka vizuri zaidi jinsi Kibwana alivyokufa, kwa sababu nilimcheka.

Alikufa kwa ajili ya sahani. Mara chache, juu kabisa ya Wageni, hupita Sahani Nyekundu. Haishuki, haipigi mtu, inavuka tu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine ikilia kama filimbi ya mlevi, kisha inatoweka. Ukiipiga inatoa alama, na alama zake hakuna ajuaye kabla, huenda zikawa nyingi, huenda zikawa si kitu. Watu wenye akili wanaiacha ipite. Kibwana alikuwa amekaa salama chini ya tundu lake, Wageni wamebaki safu tatu, mambo yanakwenda. Filimbi ikalia. Akatoka. Akaacha ukuta, akaacha tundu alilolitoboa kwa fedheha yote ile, akaenda kusimama uwanjani peupe, akapiga. Risasi ya Mgeni ikamkuta pale pale. Nikainuka kutoka kwenye ubao nikaingia kwenye chombo chenye joto la mwili wake, na neno la kwanza nililosema humo lilikuwa ni mjinga.

Niliendelea kumwita hivyo. Kila nilipokimbilia chini ya tundu lake kujiokoa nililitumia tundu na kumtukana mwenyewe. Ndivyo tulivyo. Mtu anaota moto wa kuni ulizokata wewe, na maneno yake ya kwanza ni kwamba kuni zako zina moshi.

Wageni walikuwa wamepungua, na hapo ndipo kuna jambo ambalo nyinyi wa upande wa pili mnalijua na hamtuambii. Wageni wakiwa wengi huenda taratibu. Kuna mdundo chini ya dunia yetu, wa sauti nne nzito zinazoteremka ngazi, na kila mdundo wanapiga hatua moja pamoja. Ukimwua mmoja, mdundo unasogea kidogo. Ukiua safu, unakwenda mbio. Kila unachokiondoa kinawapa kasi waliobaki, hata yule wa mwisho kabisa, akiwa peke yake, hatembei tena, anakimbia. Nimelifikiri sana jambo hili. Nadhani kila aliyepata kushika mamlaka amelikuta, kwamba aliowapunguza ni wengi na usingizi wake umepungua vilevile. Mimi sina mamlaka, nina chombo, lakini usingizi sina pia. Walipobaki safu moja, kumi na kidogo, mdundo ulikuwa unanigonga kwenye meno.

Nikarudi chini ya tundu. Nikasema kwa sauti kwamba Kibwana angekuwa hai sasa tungekuwa wawili wa kugawana haya mashaka, lakini yeye alitaka sahani.

Bi Sikudhani aliacha kugeuza vitumbua. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Aliweka kijiti chake chini, akaniuliza nani aliyekuwa amekaa kwenye ubao nyuma ya Kibwana. Nikamjibu kuwa ni mimi.

"Hukuwepo," alisema.

Nikamwambia nilikuwepo, nakumbuka mluzi wake, nakumbuka kovu chini ya sikio.

"Mwanangu, mlango wangu unatazama ule ubao. Tangu Kibwana aliponipigia hodi, nyuma yake ubao mtupu. Nilikuwa nautazama kila ninapoinua kichwa, roho inaniuma. Kibwana alikuwa wa mwisho na alijua ni wa mwisho. Alijua pia kuwa alama zikitimia hesabu yake, ubao huongezewa mtu." Alirudisha kanga yake kichwani ingawa haikuwa imedondoka. "Ilipolia ile filimbi aliniambia, Mama, ile sahani huenda ikawa si kitu, huenda ikawa mtu. Akatoka. Sahani ikapasuka kwanza, yeye akafuata. Pakalia mlio ambao sijapata kuusikia. Nikatazama kwenye ubao, umekaa wewe, unapepesa macho kama mtoto aliyeamshwa."

Juu yetu safu ile moja ilifika ukingoni, ikashuka hatua, ikageuka. Nilijaribu kuushika mluzi wa Kibwana kichwani mwangu na nikagundua kuwa niliusikia kutoka ndani, si kutoka nyuma yake. Meno yaliyoupiga yalikuwa kama meno yangu. Na lile kovu, sikulikumbuka kwa kuliona. Nililikumbuka kwa kulikuna. Kumbukumbu hizo zilikuwa zimeachwa kwenye chombo pamoja na joto lake, nami niliingia nikazivaa, zikanikaa vizuri hata nikadhani nimezaliwa nazo. Huo utoto wenye kusukwa nywele sijui ni wa nani. Labda wa Makame, labda wa mtu aliyekuwepo kabla ya Makame, katika sarafu nyingine.

Mimi sikuwepo. Mtu aliiangalia nafasi tupu nyuma yake, akaifia ili isiwe tupu. Alikufa bila kujua kama atanipata. Alikufa akiwa anabahatisha. Na mimi, kitu cha kwanza nilichokifanya duniani, nilimtusi.

Wapo watakaosema nililia kwa aibu. Aibu ilikuwepo, siikatai. Lakini iliyonijaa zaidi ilikuwa furaha, tena furaha nisiyoistahili, kama ya mtu aliyekuta amewekewa chakula na mtu asiyemjua. Nilikuwa nimedhani uhai wangu ni haki yangu, zamu yangu imefika, foleni imesogea. Kumbe hapakuwa na foleni. Nilikuwa ziada. Na mtu aliye ziada, kila kitu kwake ni nyongeza, kushoto ni nyongeza, kulia ni nyongeza, hata risasi moja ni nyingi. Nikashukuru hapo hapo, kwa mdomo, chini ya lile tundu. Nikasema ahsante Kibwana, na sauti yangu ikapanda kupitia tundu lake.

"Alisema na jingine," Bi Sikudhani aliendelea, akiwa ameokota kijiti chake tena, maana vitumbua havingoji. Alinieleza kuwa Kibwana alikuwa amegundua jambo kuhusu risasi za Wageni. Hazitoki mikononi mwao. Huzaliwa hatua moja chini ya miguu yao. Basi wakishuka mpaka safu ya mwisho kabisa, juu ya kichwa chako kabisa, risasi yao huzaliwa imeshakupita. Wakiwa mbali wanakuua, wakiwa puani mwako hawakuwezi. Kibwana alipanga kulijaribu na hakuwahi. Bi Sikudhani alisema wazee wameshalisema hilo, ni sisi tu hatukusikia, kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hatari yake anaijua kila mtu. Safu ya mwisho inafuatwa na mstari. Ukiwaacha waje karibu kiasi hicho una mpito mmoja tu wa kuwamaliza kabla hawajafika ukingoni na kushuka mara ya mwisho. Na safu ikipita mahali pa kuta inazifuta. Nilimwambia kwamba nikifanya hivyo nyumba yake itakwenda.

"Nyumba ina tundu tayari," alisema. "Waache waje."

Nikatoka nje, nikashusha pumzi, nikaacha kufyatua. Nilihisi Mkono nao ukisita juu ya kitufe, ukielewa pamoja nami, au mimi ndiye niliyeelewa pamoja nao. Safari hii sikujali ni nani. Wageni walikwenda hadi ukingo, wakashuka. Wakarudi, wakashuka. Walipopita kwenye ukuta wa Bi Sikudhani walikuwa wanaufuta kwa miguu yao bila hata kuutazama, na lile tundu likafutika pamoja nao, kwanza juu, halafu chini. Aliokoa chuma chake tu. Alikuja kusimama ubavuni mwa chombo changu, peupe, jasho linamtoka, chuma cha moto amekishika kwa pindo la kanga.

Kisha wakawa juu ya kichwa changu. Pakawa kimya. Mdundo ulikuwepo lakini risasi hakuna, au zilikuwepo, zinazaliwa chini ya mstari ambako hakuna mtu wa kuumia. Kwa mara ya kwanza niliona macho ya Mgeni. Yalikuwa mawili, matundu tu, na mwanga wa nyuma ukipita ndani yake. Alikuwa yule wa kuinua mikono. Nilimwuliza, kwa kuwa nilijua sitapata nafasi nyingine, wanachotaka kwetu ni nini.

"Hatutaki kitu," alijibu. "Tunakwenda pembeni. Pembeni pakigonga, tunashuka. Nyinyi je?"

"Nasi tunakwenda pembeni," nilimwambia. "Kushuka tu ndiko hatuna."

Alionekana kulifikiria hilo. Nilimshukuru kwa kuja. Sikuwa namkejeli. Wasingekuja, nani angeangusha sarafu, na mwanga ungetoka wapi, na Bi Sikudhani angemkaangia nani? Deni langu kwao lilikuwa la kweli, na nilijua nitalilipa vibaya. Nikampiga. Nikapiga wa pili, na wa tatu, nikienda nao pembeni hatua kwa hatua, risasi fupi zinazofika mara tu zikitoka, maana huko chini hakuna mwendo wa kusubiri. Kwa sababu ya ukaribu ule, risasi yangu moja ilikuwa imegeuka kuwa nyingi. Kibwana alikuwa sahihi kwa kila neno. Wakaisha wote isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja akaanza kukimbia.

Alikuwa akikimbia kutoka upande wa kushoto, na akifika ukingo wa kulia atashuka, na akishuka ni mstari. Nilikuwa nimejipanga mbele yake. Kidole cha Mkono kilikuwa juu ya kitufe. Hapo ndipo Bi Sikudhani aliponigusa bega na kuniambia jambo ambalo Kibwana alimwambia na yeye mwenyewe hakuwa na njia ya kulijua. Mgeni wa mwisho akianguka, mbingu inajaa upya, kuta zinasimama upya, nzima, hazina hata mkwaruzo. Na wenye kuta nao wanakuwa wapya. Kibwana alikuwa amepita naye mbingu kadhaa, na kila mara ilimbidi apige hodi upya, aeleze yeye ni nani, aombe tundu upya, afokewe upya.

Nikamwelewa. Katika dunia nzima aliyejua kuwa Kibwana aliutazama ubao mtupu akatoka alikuwa mama huyu peke yake. Nikifyatua, atakuwa hajapata kumwona Kibwana. Hatanijua mimi. Yale maneno, huenda ikawa si kitu, huenda ikawa mtu, yatakuwa hayajasikiwa na mtu. Nisipofyatua atayakumbuka mpaka Mgeni aguse mstari, yaani kwa pumzi moja na nusu. Mgeni alikuwa amefika katikati. Nikasita, na nina hakika safari hiyo kusita kulikuwa kwangu, kwa kuwa nilihisi Mkono ukinisukuma.

"Piga, mwanangu," alisema. "Utanieleza tena."

Nikapiga.

Sarafu haikuanguka, mwanga haukuzimika. Mbingu ilijaa kimya kimya, safu juu ya safu, na safu ya chini ilikuwa imeanza chini kidogo kuliko mara iliyopita. Hivyo ndivyo itakavyokuwa kila mara, mbingu inayofuata huanza karibu zaidi, wala hakuna mbingu ya mwisho ambayo nitaambiwa nimeshinda. Nilitazama ubao. Ulikuwa mtupu. Nilitazama kuta, zote nne, zimesimama zinang'aa, na wenyewe nyuma yake wakijinyoosha. Mdundo ulianza taratibu, kwa upole wa wengi.

Nilikwenda kulia mpaka ukuta wa tatu. Moshi ulikuwa unapanda. Nikapiga hodi.

"Karibu," Bi Sikudhani alisema bila kuinua kichwa. Aligeuza kitumbua kimoja, cha pili, ndipo akanitazama, akautafutia uso wangu mahali pa kuuweka asipaone. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akaniuliza kama wanavyouliza watu wa kwetu wote wanapoona uso mgeni. "Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Kibwana," nilimjibu.

Alisema hamjui Kibwana huyo. Nikamwambia si neno. Nikamwomba radhi, nikamwambia nataka kutoboa ukuta wake, tundu dogo tu, nikamwonyesha na mahali penyewe, palikuwa laini, hapana alama. Alisimama, mkono kiunoni, kanga ikamdondoka. Alinifokea kwa maneno niliyokuwa nayajua yote, kwamba paa lake litavuja risasi, kwamba tangu azaliwe hajaona binti wa namna hii, na tabia ya kutoboa nyumba za watu nimefundishwa na nani. Niliyasikiliza mpaka mwisho na machozi yananitoka, kwa kuwa sijawahi kusikia maneno mazuri kama yale. Nikamjibu kuwa nimefundishwa na Kibwana huyo huyo.

Akainama, akaokota kanga yake, akanipa vitumbua viwili vya moto.

"Haya, toboa," alisema. "Lakini uniambie, huyo Kibwana ni nani."

Risasi ya kwanza ya mbingu ile niliipiga ukutani kwake, pale pale. Chembe za ukuta zilidondoka kwenye mafuta yake, akasonya, akazitoa kwa kijiti. Nami nikaanza kumweleza, tangu mwanzo, tangu mluzi wa meno, nikienda kushoto kidogo, nikirudi kulia.